Msiba wa Mwalimu Khadija, Mwenyewe Akiwepo

Wiki ileile tuliyomzika Mwalimu Khadija, kijana mmoja wa redioni alinipigia simu. Alijitambulisha kwa adabu, akanipa pole, kisha akasema wangependa kumweka mwalimu kwenye kipindi chao cha watu mashuhuri wa kwetu, na ameambiwa mimi ndiye niliyekuwa nikikiandika kipindi hicho zamani kilipoanza. "Sasa anaruhusiwa, si ndiyo?" akauliza. Hakuwa anatania. Kumbe ile sheria ya Abdi Dheere, meneja wetu wa zamani, bado inafuatwa, ingawa mwenyewe alishaacha kazi akaenda kufuga ngamia Hulugho, na pale redioni hakuna anayejua ilitoka wapi. Nilimwahidi kijana nitamwandikia. Nilipokata simu nilikaa jikoni nikacheka peke yangu, halafu nikalia, maana Mwalimu Khadija alishawahi kuingia kwenye kipindi kile. Watoto wangu hunicheka kwamba siwezi kuona mtu amefanya jema nikanyamaza, hata muuza maji mwenye punda namsimamisha njiani nimwambie. Tabia hiyo niliipata mwaka ule.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na redio yenyewe ilikuwa changa kuliko mimi. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, karibu na barabara wanayopitishia ng'ombe kwenda mnadani, kwa hiyo madirisha tuliyafunga kwa sababu ya vumbi na kelele, na joto likatumaliza. Chumba cha kutangazia kilizibwa sauti kwa vipande vya magodoro mabovu kutoka chini. Meneja alikuwa Abdi Dheere, mtu mrefu kama jina lake linavyosema, mwenye meno yaliyobadilika rangi kwa maji ya chumvi ya visima vya utotoni. Kipindi kilikuwa wazo lake. Alisema watu wa ng'ambo ya daraja la Tana, kule ambako sisi tukisafiri tunasema tunakwenda Kenya, wanadhani mkoa wetu hutoa mbuzi na habari mbaya tu, basi kila Alhamisi baada ya Alasiri tuwaambie habari za mtu mmoja mashuhuri aliyetoka Garissa, Wajir au Mandera. Tena kwa Kiswahili, ili maofisa na walimu waliotumwa huku wasikie. Siku ya kipindi alitukataza Kisomali ofisini tangu asubuhi, ndimi zipate kulainika. Msomaji wa kipindi alikuwa Bashir, kijana mwenye sauti nzito ya kupendeza na kichwa chepesi, Mungu amzidishie umri. Mimi nilizunguka mjini kuuliza habari, nikaandika, yeye akasoma.

Tulianza na walio hai, na tulijuta. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyejenga zahanati kwao. Kesho yake binamu zake walishaanza kumwita mheshimiwa, na keshokutwa wazee wa ukoo mwingine walipanda ngazi zetu, wakakaa sakafuni wakisubiri tuwaeleze ni nani ametulipa tumfanyie kampeni. Walikunywa chai yetu yote ya maziwa ya ngamia na hawakuondoka hadi adhana ya Magharibi. Wa pili alikuwa msichana mkimbiaji. Homa ilimshika wiki hiyohiyo, na mama yake akaja kutuambia, bila kupandisha sauti, kwamba tumemtolea mtoto wake jicho la mkoa mzima. Hapo ndipo Abdi Dheere alipotuita. "Kuanzia leo nataka mutu amekufa," alisema, kwa Kiswahili chake ambacho p mara nyingi hugeuka b. "Mutu amekufa hagombei kiti. Na jicho haiwezi kumubata." Nani angembishia? Tangu siku hiyo tukawa tunasifu wafu tu, na amani ikarudi. Kila Bashir alipotaja jina, alifuatisha Allaha u naxariisto, Mungu amrehemu, na kufikia katikati ya mwaka hakuweza tena kutamka jina la mtu kipindini bila kumrehemu.

Mwaka huo nilipanga chumba nyumbani kwa Mwalimu Khadija. Alikuwa amenifundisha darasa la nne na la tano katika shule ya bweni ya wasichana, na nilipokwenda kumsalimu akaniambia chumba cha pembeni kiko wazi, nisiende kulala kwa watu. Mumewe alikuwa amefariki na hakujaliwa watoto. Nyumba ilikuwa na ua wenye muarubaini, jiko la mabati, na ukuta mwembamba wa mabati uliotenga chumba changu na baraza lake, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akisali, akimsomea paka kosa lake. Adhuhuri tulimwaga maji kwenye sakafu ya saruji tukalala juu yake kama mbuzi. Asubuhi tulikula anjera na chai, jioni wali wenye ndizi mbivu pembeni, na yeye alikula kidogo mno kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, akiniangalia nikila kana kwamba ananisahihisha. Kwa wanafunzi wake wa zamani hakusema Kisomali kamwe. Alisema akitulegezea kamba kidogo tu tutasahau yote, na ukimjibu kwa Kisomali alikaa kimya kama hukusema.

Alikuwa ametoka Tarbaj, kule Wajir, na alipokuwa kijana alikwenda kwa miguu na kwa malori hadi kwenye maboma ya wafugaji kuwaomba akina baba wamkabidhi binti mmojammoja. Wengine walimfukuza. Wengine walimpa mtoto mgonjwa, yule asiyefaa kuchunga. Mmoja wa Banissa, mbali huko Mandera, alimpa binti yake mwenye akili kuliko wote, Nimo, kwa sharti kwamba asirudishwe bila cheti. Nimo huyo sasa alikuwa daktari katika hospitali kubwa Nairobi, na kama Abdi Dheere asingekuwa na sheria yake angekuwa wa kwanza kwenye kipindi. Lakini hakukanyaga kwa Mwalimu tangu amalize shule. Niliuliza kwa nini, jioni moja tukichambua mchele, na Mwalimu hakunizungusha.

"Baba yake alifariki Banissa wiki ya mtihani wa darasa la nane," alisema. "Habari ilinifikia yeye akiwa anachonga penseli. Baba alishazikwa. Barabara ile siku mbili ukibahatika. Nikanyamaza mpaka karatasi ya mwisho."

"Akajua baadaye?"

"Nilimwambia mwenyewe. Akapita mtihani, akaenda juu, na salamu zangu hazijibu. Nami sijuti, Saadia. Ningemwambia, leo angekuwa Banissa na watoto wanane." Akapuliza makapi. "Hilo ndilo linalomkasirisha zaidi. Kwamba sijuti."

Nilimpenda, lakini hapo nilimwogopa kidogo. Maana nilijua pia kwamba kila gari geni lilipopunguza mwendo mbele ya lango, aliinua kichwa. Baada ya Idi hali yake ikawa mbaya. Kidonda cha mguu kiligoma kupona, macho yakapungua, na hospitalini wakamrudisha na dawa na ushauri wa kuwaita ndugu. Nikaanza kumsumbua Abdi Dheere. Nilimwambia haina maana mwanamke aliyesomesha nusu ya mabinti wa mkoa huu asubiri afe ndipo aambiwe asante, na kwamba Alhamisi hukaa barazani na redio yake akisikiliza wengine wakisifiwa makaburini. Na kuna mtu mmoja Nairobi ambaye huenda akiambiwa kipindi kimemtaja mwalimu wake, moyo utamlainika. Hilo ndilo nililolitaka hasa, na nililisema wazi.

Abdi Dheere alikuna kidevu. "Yeye ni ya Tarbaj," akasema. "Watu ya hapa watasema Wajir wamebata tena."

"Ameishi Garissa tangu kabla wewe hujazaliwa."

"Basi ni ya wote. Kama ni ya wote, ni ya hakuna mutu, hakuna mwenye atabigana." Akafurahia hesabu yake mwenyewe. Dada yake pia alikuwa amefundishwa na Mwalimu, ila hilo hakulitaja. "Mara moja tu, abaayo, dada yangu. Na Bashir aseme masha Allah mingi, jicho isiingie."

Niliandika habari ile kwa upendo wote niliokuwa nao, nikaweka masha Allah kila mahali palipostahili. Alhamisi ikafika. Bashir alisoma vizuri kuliko siku zote. Abdi Dheere alikuwa nje anatawadha. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikisikia sentensi zangu zinatoka nzimanzima, mpaka mwisho kabisa, pale palipoandikwa jina lake tu, bila masha Allah, Bashir akavuta pumzi na kusema kwa ile sauti yake ya huzuni, "Mwalimu Khadija, Allaha u naxariisto, Mungu amrehemu," kisha akaingia moja kwa moja kwenye bei ya mbuzi. Hata hakujisikia. Nilisimama nikampungia mikono kwenye kioo, naye akanipungia pia, akitabasamu. Kabla sijafungua mlango stima ikapotea, kama ilivyozoea kupotea wakati huo, na jenereta haikuwa na dizeli. Tukabaki gizani na joto, na mkoa wote nje ukiwa umepata habari.

Abdi Dheere aliingia na maji yakimdondoka mikononi. "Nani amekufa?" akauliza. "Simu yangu nalia kama mutoto." Nilipomweleza aliketi chini polepole. Habari ya kifo ina miguu, na ya uzima huchechemea. Stima iliporudi tukasahihisha, lakini wakati huo waliosikia ya kwanza walikuwa wameshawapigia ndugu Tarbaj, Mandera, na Nairobi, na wameshaondoka majumbani mwao. Mimi sikungoja stima. Nilikimbia njia nzima nikiwa nimeshika viatu, nikiwaza vile alivyokuwa amekaa na redio peke yake na moyo wake dhaifu.

Nilimkuta barazani, mguu wenye kidonda juu ya mto. Redio ilikuwa imezimwa. "Umesikia?" nikauliza. "Nimesikia," akasema. "Nimekufa vizuri. Ulisahau tu kisima tulichochimba kule shuleni." Halafu akaniambia niteleke birika kubwa, maana watu watakuja. Nilisema nitasimama langoni niwarudishe. Akanikatalia. "Mtu atoke kwake kuja kunilia, nimrudishe na machozi yake? Waache waingie."

Wakaingia. Wanawake na sukari na mafuta, vijana na turubai, mbuzi mmoja ambaye mpaka leo sijui nani alimleta. Wa kwanza kumwona alikuwa Adeer Hassan, mzee mwenye duka la vitambaa, aliyeingia akiwa ameinamisha kichwa na dua mdomoni. Aliponyanyua macho akamkuta marehemu anamimina chai. Akasema Subhanallah, akashika nguzo.

"Kaa, Hassan," Mwalimu akamwambia. "Ulikuja kusema nini?"

"Nilikuja kusema Mungu akurehemu," Hassan akajibu, bado ameshika nguzo. "Na sisi tumekusamehe."

"Mmenisamehe nini?"

Akafikiri. "Ulimufinya binti yangu masikio. Mara mingi. Mimi nilitaka kuja kukugombeza, nikaogopa." Watu wakacheka, naye akacheka, na machozi yakamtoka kabisa. "Lakini yeye sasa ni nesi. Wallahi nimesamehe."

Kwetu mtu anapozikwa, mzee husimama akawaomba waliokusanyika wamsamehe marehemu, na wote hujibu kwa pamoja kwamba wamesamehe. Ni neno jepesi kulitoa, kwa sababu anayepewa hana la kujibu. Jioni ile Mwalimu Khadija aliwafanya walitoe mmojammoja mbele yake, na wao, wakiwa wameshajiandaa moyoni, walishindwa kulirudisha. Mama mmoja alimsamehe kwa kumchukulia binti aliyekuwa ndiye mchungaji wake wa pekee. Mwalimu mwenzake alimsamehe kwa kumsemea kwa mkaguzi. Wengine walitoa shukrani tu na yeye akazipokea kwa kutikisa kichwa, kama anayekusanya madaftari. Bashir alikuja mwisho, hana rangi usoni, akapiga magoti, naye akamwambia kwamba ana sauti nzuri lakini ajifunze kusikiliza anachosoma. Nilikuwa nikizungusha chai nikiona uso wa Mwalimu unang'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, nikafikiri basi nilichotaka kimetimia, hata kama kimepitia mlango wa nyuma. Kisha gari likapunguza mwendo nje, naye akainua kichwa.

Halikuwa lenyewe. Nimo alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, kwa gari la kukodi, kwa sababu barabara ile haikuwa ya kusafiri usiku. Simu alikuwa ameizima. Aliniambia baadaye kwamba kila aliyepiga alimpa pole, naye hakujua kama ana haki ya kuipokea. Mimi ndiye niliyemfungulia lango. Alikuwa mwanamke mwembamba, vazi jeusi, macho yamevimba, na kabla sijasema lolote alinipita akaingia uani, akasimama. Mwalimu alikuwa chini ya muarubaini anakula anjera.

Sidhani nitasahau vile mikono ya Nimo ilivyoanguka. Hakupiga kelele. "Baba yangu alikufa ukanificha," alisema. "Leo wewe hujafa, nimeambiwa umekufa."

"Si mimi," Mwalimu akasema. "Ni redio."

"Nimelia kutoka Nairobi mpaka hapa."

"Naona."

"Nilikuja kukusamehe kaburini." Akasema hivyo mbele yetu sote, tulioshika vikombe. "Nilikuwa tayari."

"Basi sema," Mwalimu akasema, akisukuma sahani pembeni. "Wenzako wote wamesema."

"Wao walikuja kwa maiti. Wewe hai siwezi." Akageuka kama anayetaka kwenda, na sisi tukampisha. Lakini alikuwa daktari, na alipogeuka aliuona ule mguu juu ya mto. Akasimama tena. Akauliza kidonda kinasafishwa na nani, kwa kitu gani, kwa dawa gani. Hakuna aliyemjibu vizuri. Akavua viatu, akanawa mikono kwenye birika la kutawadhia, akachuchumaa pale chini akafungua ile bandeji huku akitufokea sote, na mimi nikatumwa duka la dawa.

Akawa anakuja. Sijui aliombaje ruhusa kazini, lakini kila baada ya majuma mawili matatu gari lilipunguza mwendo na safari hii likaingia. Alipanga upya dawa, akaitupa nje sukari yetu, akamfundisha paka adabu mpya. Kidonda kilifunga. Nikiwa chumbani kwangu niliwasikia kupitia mabati wakigombana juu ya chumvi na juu ya chai, kwa Kiswahili safi cha darasani, kwa kuwa hata Nimo hakuruhusiwa kulegea. Walizungumza habari zote za dunia isipokuwa ile moja, na mimi nilikaa upande wangu nikingoja, bila kuona aibu, kwa kuwa niliona nina sehemu yangu humo. Abdi Dheere naye hakutaka tena kusikia habari za walio hai. Alisema tumeona wenyewe kinachotokea. Nilibishana naye mpaka nikachoka, na mwisho wa mwaka nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi nyingine.

Mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha alasiri moja, ua ukageuka tope, na wao wakawa wamehamia barazani, bega kwa bega na ukuta wangu. Nimo alikuwa anamwosha miguu. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye karai.

"Lile la kukuficha," Mwalimu akasema, "ningelifanya tena."

"Najua. Usisogeze mguu."

"Lakini siku ile mtihani ulipokwisha nilikuita ofisini, nikakwambia, halafu nikaenda kusahihisha karatasi za darasa la sita. Nikakuacha kwenye kile kiti. Hilo nisingelirudia."

"Nilikaa mpaka mlinzi akaja kufunga mlango," Nimo akasema.

"Nilikuwa nakuona dirishani. Nikaendelea kusahihisha."

Karai likasogezwa kwenye saruji. Nilidhani Nimo ameinuka ameondoka. Kisha nikamsikia, karibu sana, kama ameegemea mabati yenyewe.

"Nimekusamehe, Mwalimu."

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia vilevile."

Nimo akarudia, na safari hii sauti ilimkatikia katikati ya neno, na Mwalimu akamngoja mpaka alipolimaliza.